Neno "cry" lilianza kwenye sauti, si kwenye machozi. Tulifundishe hivyo

Mwalimu wa Isevya

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Kiingereza sekondari hapa Tabora mjini. Kuna neno moja dogo ambalo kila mwaka linawaangusha watoto wa kidato cha kwanza na cha pili, na naamini linawaangusha kwa sababu ya namna tunavyolifundisha. Neno lenyewe ni cry.

Mwulize mtoto yeyote aliyemaliza darasa la saba, atakujibu papo hapo: kulia. Jibu hilo halina kosa. Shida inaanza pale tunapomchorea ubaoni uso unaotiririka machozi, tukafuta, tukahamia neno linalofuata. Mtoto anabaki na machozi kichwani. Siku akipewa kifungu chenye maneno "Fire! he cried", anaeleza kwamba mtu fulani alilia kwa uchungu kwa kuwa nyumba imeungua. Maswali matatu ya ufahamu yanakwenda na maji, wakati mtu mwenyewe kwenye habari ile hakutoa hata tone la chozi. Alikuwa anapiga kelele majirani waamke.

Upande wa pili, akiandika insha yake mwenyewe utakuta "My phone was crying" na "The bell cried at eight". Anapigwa mstari mwekundu bila maelezo. Lakini kwetu simu inalia, kengele inalia, ngoma inalia, honi ya treni inalia, hata tumbo linalia. Mtoto amefuata mantiki ya lugha yake sawasawa, ila hakuna aliyemwonyesha mpaka ulipo.

Msimamo wangu ni kwamba cry ni sauti kwanza, machozi ni mgeni aliyekuja baadaye akazoea nyumba. Waingereza wa kale walikuwa na neno lao la kutoa machozi, weep, na bado wanalo. Cry liliingia kwa watu waliosema Kifaransa, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Kwa Kifaransa crier ni kupiga kelele, kuita kwa nguvu, na mpaka leo ni hivyo. Kwenye Kiingereza likaanza na maana za kusihi na kupaza sauti, kisha taratibu likavutwa kwenye machozi, kwa sababu mtu aliyejaa uchungu hupaza sauti na kutoa machozi kwa pamoja. Kufikia karne ya 16 lilikuwa limeshachukua sehemu kubwa ya kazi ya weep, ila maana ya kwanza haikufa. Zote mbili zinaishi kwenye neno moja hadi leo.

Wataalamu wengi wanalipeleka nyuma zaidi, hadi kwenye neno la Kilatini quiritare. Varro, mwanazuoni wa Roma ya kale, alilieleza kuwa ni kuwaita Quirites, yaani raia wa Roma, waje kukusaidia. Wapo wanaobishia maelezo hayo ya Varro, lakini mimi yananigusa sana. Mtu yuko matatani, anapaza sauti ili raia wenzake wasikie na watoke.

Wanaosoma Biblia wana mfano ambao sijaona unaoushinda. Fungueni Yohana 11, habari ya Lazaro. Kwenye Biblia ya Kiingereza ya King James ya mwaka 1611, mstari wa 35 unasema "Jesus wept". Mstari wa 43, pale kaburini, unasema "he cried with a loud voice". Sura moja, mtu mmoja, vitenzi viwili. Pale alipotoa machozi wametumia weep, pale alipomwita marehemu atoke wametumia cry. Sasa tazameni waliotafsiri Biblia yetu ya Union: "Yesu akalia machozi", halafu "akalia kwa sauti kuu". Kitenzi ni kilekile kulia, wamekiongezea tu kitu kinachokitofautisha. Waliijua kazi yao. Na yule "mtu aliaye nyikani" wa Mathayo 3:3, watoto wangu wengi walidhani Yohana Mbatizaji alikuwa jangwani anatokwa machozi. Alikuwa anatangaza.

Kwa hiyo mtoto wa Kiswahili ana ngazi tayari nyumbani kwake. Kulia ni sauti, kulia machozi ni tawi. Tumwanzishe hapo, kisha tumwonyeshe mipaka miwili tu. Wa kwanza: kulia kwetu kunaingia hadi kwenye vyuma na ngozi, cry kwa kawaida inataka kiumbe chenye koo. Simu kwa Kiingereza inafanya ring, tumbo rumble, ngoma beat. Wa pili: cry inaweza kubeba maneno ndani yake, mtu akasema jambo kwa sauti ya juu na jambo lenyewe likaandikwa kwenye alama za kunukuu. Kulia kwa Kiswahili cha leo hakufanyi hivyo kwa urahisi, tunasema alipaza sauti, aliita, alimaka.

Walimu wenzangu mnalifundishaje? Na wazazi, watoto wanawaulizaje?

Kibirizi Alfajiri

Mwalimu, salamu kutoka Kigoma. Hilo la Kifaransa nalithibitisha bila kufungua kitabu. Sisi tunaofanya biashara hapa mwaloni Kibirizi na bandarini tunaishi na watu wa Bujumbura, Uvira na Kalemie. Wakizungumza Kifaransa, anayetoa machozi ni pleurer, anayepiga kelele ni crier. Hawachanganyi. Mkongomani akisema fulani "il crie" usikimbilie kumpa pole, kimbilia kuangalia kuna nini.

Nikuongezee na hili la biashara. Nimewahi kusoma kwamba Waingereza walitumia cry hata kwa muuza samaki anayepita mtaani akitangaza bidhaa. Ni kweli? Maana hapa kwetu ndiyo kazi yenyewe, mtu anapita Mwanga na Gungu na ndoo ya mgebuka kichwani anaita.

Mwalimu wa Isevya

Ni kweli kabisa, ndugu yangu. To cry one's wares ni kunadi bidhaa. London ilijaa wauzaji wa aina hiyo, wa samaki, wa maziwa, wa kamba za viatu, kila mmoja na mwito wake, na miito hiyo iliitwa cries. Kuanzia karne ya 17 zilichapwa picha nyingi za wachuuzi hao zikijulikana kama Cries of London, kila picha na maneno ambayo mchuuzi alikuwa akiyaita. Leo mchuuzi wako wa Mwanga huenda ameshaweka spika yenye sauti iliyorekodiwa, na kwa Kiingereza spika hiyo haifanyi cry. Unaona jinsi koo linavyohitajika.

Na mpiga mbiu wa mji aliitwa town crier. Alipiga kengele, akaita "Oyez!" mara tatu, yaani sikilizeni, kwa Kifaransa kilekile cha Wanormani, ndipo akasoma tangazo. Mwito huo bado unasikika Mahakama Kuu ya Marekani majaji wanapoingia kusikiliza kesi. Kwetu sisi, la mgambo likilia kuna jambo. Angalia kitenzi kilichotumika hapo.

Mama Wawili

Mwalimu samahani, mimi ni mzazi, nina kijana kidato cha pili hapa Kigoma Ujiji. Nimesoma maelezo yako, ni mazuri, lakini naona unawabebesha watoto mzigo. Kiingereza cha leo ukisikia mtu anasema "she is crying", maana yake ni machozi. Huko kwingine ni Kiingereza cha vitabu vya zamani. Mtoto ana masomo tisa, ametoka shule ya msingi ya Kiswahili, kila kitu ghafla ni Kiingereza, kuanzia baiolojia hadi jiografia. Ana muda gani wa kujifunza Wanormani? Mpe maana anayoihitaji kwenye mtihani, mengine atakutana nayo chuoni.

Mwalimu wa Isevya

Dada yangu, nashukuru kwa kusema wazi, na mzigo wa kubadili lugha ghafla kidato cha kwanza naushuhudia kila Januari. Sisemi afundishwe Wanormani. Historia nimewaletea ninyi watu wazima. Mtoto anahitaji dakika kumi za ziada na jicho la kutazama sentensi.

Umesema kweli, "she is crying", ikiwa peke yake bila nyongeza, ni machozi. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ninayowapa watoto. Lakini vifungu vya ufahamu wanavyokutana navyo darasani na kwenye mitihani ni hadithi, na kwenye hadithi za Kiingereza wahusika wana-cry kila ukurasa bila chozi. Nawaambia: ukiona alama za kunukuu zimekaribiana na cried, huyo anasema kwa sauti. Ukiona cried out, amepaza ghafla kwa maumivu, hofu au mshtuko, machozi yanaweza kuwepo au yasiwepo. Ukiona crying in her room, crying all night, crying because of jambo fulani, hapo kuna machozi. Ukikuta a cry, nomino yenye a mbele, mara nyingi ni sauti moja: a cry of joy, a cry of pain, a cry for help. Ila "she had a good cry" ni machozi, amelia mpaka roho ikatulia. Hiyo naifundisha peke yake kwa sababu inawachanganya.

Kingine cha mtihani, na hiki ni alama za bure: cry, cries, cried, crying. Ile y inageuka i kwenye cries na cried, inabaki kwenye crying. Kila mwaka nakutana na "cryed".

Mzee wa Nzega

Wanangu, mimi Kiingereza changu ni cha zamani, ila nimesoma neno moja la mwalimu likanigusa, lile la Mroma kuwaita raia wenzake watoke. Sisi Wanyamwezi tunalo. Linaitwa mwano. Ng'ombe wakiibwa, nyumba ikivamiwa, mtu anapiga mwano. Anayesikia naye anaupokea anaupiga, anachukua upinde na mishale anatoka, na kijiji cha jirani kinaupokea. Usiku mmoja unaweza kufika mbali kuliko mtu anavyoweza kukimbia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi huku kwetu na Shinyanga, ndipo sungusungu walipoupa mwano nguvu mpya. Filimbi zikaongezwa. Mwanamume mwenye nguvu asiyetoka bila sababu aliitwa kujieleza na alitozwa. Vijana wa siku hizi wanadhani sungusungu ni mishale tu. Kazi kubwa ilikuwa ni ile sauti na kuitikia. Nauliza mwalimu, Waingereza wana neno la mwano?

Mwalimu wa Isevya

Shikamoo mzee wangu. Wanalo, na cry imo ndani yake. Ni hue and cry.

Naomba nilieleze kwa kirefu, maana sidhani kama kuna mfano mwingine unaotufaa sisi wa Unyamwezi kuliko huu. Mwaka 1285 Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alitoa sheria iliyoitwa Statute of Winchester. Nchi haikuwa na polisi. Sheria ilisema ukitokea wizi au ujambazi, wakazi wapaze hue and cry na wamfuate mhalifu kutoka kijiji hadi kijiji, na kila kijiji kinachosikia kiungane na msako. Wanaume wa kuanzia miaka 15 hadi 60 walitakiwa kuwa na silaha nyumbani kulingana na uwezo wao, na waliokuwa maskini zaidi waliruhusiwa pinde na mishale. Wakazi wa eneo wasipomtoa mwizi, wao wenyewe waliwajibika kulipa hasara ya aliyeibiwa.

Mzee, ukisoma hayo unaona kijiji chako. Hue nalo ni neno la Kifaransa cha kale la kupiga kelele, kwa hiyo hue and cry ni yowe na yowe, jambo moja limesemwa mara mbili. Sheria ile ilishapita, lakini maneno yamebaki. Siku hizi gazeti la Kiingereza likiandika "there was a hue and cry over the new tax", maana yake ni kwamba watu walipiga kelele kwa nguvu kupinga kodi mpya. Hakuna mishale, ila bado ni umma umepaza sauti. Ndugu wa neno hilo ni outcry, kelele za wananchi dhidi ya jambo. Sisi tunasema kilio cha wananchi, tukimaanisha ombi na lalamiko lao, na hakuna anayewaza leso hapo.

Kila nikifundisha hapa Tabora naanza na mwano. Mtoto wa Nzega au Igunga akishasikia kwamba cry ilikuwa kazi ya kijiji kizima, ile picha ya uso wenye machozi inapungua nguvu yenyewe.

Wakili Mdogo

Naongezea kwa mzee. Sungusungu walifanya kazi kwa miaka kadhaa pasipo sheria inayowatambua, hadi mwaka 1989 Bunge liliporekebisha sheria za mgambo na kuwapa nafasi ndani yake. Uingereza kule ilianza sheria ikawaagiza watu wapige yowe, huku kwetu yowe lilitangulia na sheria ikalifuata. Nikiwa chuoni nilisoma hue and cry kama historia ya polisi wa Uingereza, na hakuna aliyetutajia mwano darasani. Nasikitika sana kwa hilo.

Nesi wa Kasulu

Wapendwa, naingia na upande wa kazini kwangu, wodi ya wazazi. Swali la kwanza baada ya mtoto kutoka na kukaushwa ni moja: analia? Kwenye mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua tunayopewa kwa Kiingereza, mchoro unauliza "Crying?" Akilia, tunajua hewa inaingia na kutoka. Asipolia wala kupumua vizuri, tuna dakika moja, tunaiita dakika ya dhahabu, kumfungulia njia ya hewa na kumpulizia kwa mfuko na barakoa.

Sasa jambo ambalo wakina mama wengi hushangaa: mtoto mchanga analia bila machozi. Macho yake yana unyevu wa kuyalinda, lakini machozi ya kutiririka mashavuni hayaonekani mpaka wiki kadhaa zipite. Kwa hiyo kilio cha kwanza cha kila binadamu, mwenye kuandika uzi huu na mwenye kuusoma, kilikuwa sauti tupu. Nakubaliana na mwalimu kwa ushahidi wa wodini. Na Virginia Apgar, daktari wa Marekani aliyetuachia alama za kumpima mtoto mchanga mwaka 1953, kilio alikihesabu kama dalili ya pumzi na ya mwitikio wa mwili. Machozi hayamo kwenye alama zake hata moja.

Niwasihi wanaume mnaosubiri nje: msiposikia sauti haraka msivamie mlango. Tuachieni ile dakika.

Mama Wawili

Nesi umenikumbusha mbali, wa pili wangu alichelewa kulia. Mungu awabariki mnaofanya kazi hiyo. Mwalimu, kwa mfano huu wa nesi nimekuelewa zaidi kuliko kwa Waroma. Nitaanza na huu kwa kijana wangu.

Gungu Stationery

Mimi naomba msaada wa misemo. Nachapa kazi za wanafunzi hapa dukani na nakutana na "a far cry from", "a crying shame", "cry wolf", "cry over spilt milk". Wanabandika tu bila kujua. Je, hizi nazo ni sauti au machozi?

Mwalimu wa Isevya

Swali zuri. Mchanganyiko.

"A far cry from" ni sauti. Zamani umbali ulipimwa kwa mtu kuita akasikika, na kikiwa mbali kilikuwa a far cry. Leo hutumika kwa tofauti kubwa kati ya vitu viwili: "Tabora today is a far cry from the Tabora of 1912", mwaka reli ya kati ilipofika hapa. Yaani Tabora ya leo iko mbali sana na ile. Wanafunzi wasiseme far cry of, ni from.

"Cry wolf" ni sauti, na mzee wa Nzega ataipenda. Inatoka kwenye hekaya ya Aesopo. Kijana mchunga kondoo alipiga yowe la mbwa mwitu mara kwa mara kwa uongo, watu wakatoka bure. Siku mbwa mwitu alipokuja kweli hakutoka mtu. Kwa hiyo to cry wolf ni kupiga mwano wa uongo. Kwenye jamii inayoishi kwa mwano, hilo ni kosa zito, maana linaua masikio ya majirani.

"Cry over spilt milk" ni machozi, na sisi tunayo yetu, maji yakimwagika hayazoleki. "A crying shame" ni aibu kubwa inayopiga kelele yenyewe, dhuluma iliyo wazi kiasi kwamba haihitaji shahidi. Kuna "cry foul", kulalamika kwamba umechezewa rafu, na mpirani mnaisikia. "Cry off" ni kujitoa kwenye jambo uliloahidi, wanaitumia zaidi Uingereza. "A shoulder to cry on" ni mtu wa kumwegemea ukiwa na majonzi. Nyingine zipo, ila hizi ndizo zinazokuja mara nyingi kwenye kazi za watoto.

Urambo English Club

Mwalimu mwenzangu, kuna kitu hujagusa nacho kinatusumbua Urambo: kulilia. Kiambishi kimoja kidogo kwetu kinafanya kazi ambayo Kiingereza kinagawa kwa vihusishi vinne. Mtoto anaandika "He cried me" akimaanisha alinililia, na "She cried sweets" akimaanisha alililia pipi.

Mimi nawagawia hivi. Analilia pipi, anakitaka kitu, ni cry for. Anamlilia Mungu, sauti inaelekezwa kwa mtu, ni cry to, na ukitaka nguvu zaidi cry out to. Anamlilia marehemu, chanzo cha majonzi, ni cry over, na msibani weep for au mourn inakaa vizuri zaidi. Analalamikia jambo huku analia, cry about. Ugumu uko kwenye cry for, kwa sababu "don't cry for me" si usinitake, ni usinililie, usiwe na majonzi kwa ajili yangu. Hapo inabidi mtoto atazame kinachofuata: kitu cha kupatikana au mtu wa kuhurumiwa.

Mwalimu wa Isevya

Mwalimu, hapo umenisaidia hata mimi kwa mpangilio. Naongezea cry out for, maana inakuja sana kwenye vifungu vya habari: "That roof is crying out for repair". Bati halina koo, lakini hapo Kiingereza kinaliruhusu kwa sitiari, paa linahitaji matengenezo kwa namna ambayo kila mtu anaiona.

Furukombe

Wakuu, mimi natembeza wageni ziwani. Nina swali la wanyama. Wageni wanasema "the cry of the fish eagle" wakimsikia furukombe juu ya mti. Lakini jogoo wanasema crow, njiwa coo, na sokwe wa Gombe wanasema pant-hoot. Kwa nini furukombe peke yake amepewa cry?

Mwalimu wa Isevya

Jogoo, njiwa, mbwa na ng'ombe wamekaa na watu tangu zamani, ndiyo maana kila mmoja ana kitenzi chake kwa Kiingereza. Ndege wa porini wenye sauti kali inayokwenda mbali, kama tai na wale weupe wa baharini, mara nyingi hubaki na cry au call. Pant-hoot ni neno la watafiti, limejulikana kwa kazi iliyoanza Gombe mwaka 1960 alipofika Jane Goodall, na linaeleza kile unachokisikia: kuhema kunakopanda mpaka kuwa mlio mkubwa. Kwa wageni wako, furukombe mwachie cry, ni sahihi na inapendeza. Adhana ya Ujiji ikisikika mkiwa kwenye boti, waambie call to prayer. Huko usitumie cry.

Mama Wawili

Mwalimu, kijana nimemkalisha mezani jioni hii nikampa sentensi nne za kutafsiri. Majibu yake haya hapa, naomba umsahihishie.

"Help! cried the old man." Mzee alipaza sauti, nisaidieni!
"The baby cried for milk." Mtoto alililia maziwa.
"She had a good cry." Alikuwa na sauti nzuri.
"The villagers cried out against the thief." Wanakijiji walimpigia mwizi mwano.

Mwalimu wa Isevya

Tatu kati ya nne, mpongeze sana. Ya tatu ni ile niliyoisema, alilia mpaka akatulia. Ya nne, mwano umekaa kama walimwona mwizi anakimbia. Against peke yake inaweza pia kuwa walimlalamikia kwa nguvu, hata kama ameshakamatwa. Mwambie asome sentensi iliyotangulia kabla ya kuamua. Kesho mpe hii: "He cried his thanks and ran." Usimsaidie.